Mapumziko ya Mwaka Mpya, Jengo la Sita

Hinokidai, Jengo la 6
23 Desemba

Bwana Kuwabara,

Asubuhi ya leo bomba la uani limeganda, nasi tukaganda nalo. Tangu uhamie kwa mwanao huko Akita ukaniachia redio yako, kila alfajiri nashuka kutoka ghorofa ya tatu nikikulaani polepole, kila ngazi neno moja. Ulistaafu reli zamani, lakini ulituzoesha amri za stesheni: saa kumi na mbili na nusu kinanda cha mazoezi ya viungo kinalia redioni, mikono juu, hakuna wa kuchelewa. Mimi nilikuwa mpishi wa shule. Nikipaza sauti, watu wanadhani chakula kiko tayari.

Hata hivyo wanakuja. Segawa wa ghorofa ya pili bado anasimama nyuma kabisa ili apate kutucheka vizuri. Juzi kaniambia, "Bi Isobe, hicho ni kiuno au bawaba ya mlango wa stoo?" Nikamjibu, "Zungusha chako kwanza, tulinganishe milio." Na jirani yangu Oide, tunayetenganishwa naye na ukuta mmoja, bado anakwenda kulia sisi tukienda kushoto, kisha anamwomba radhi kila mtu kwa zamu.

Kanuni yako tunaishika. Asiyeonekana uani asubuhi mbili mfululizo anagongewa mlango. Wiki iliyopita tulimgongea Segawa, akatoka amevimba uso kwa pombe, akatutukana sote. Tulirudi tumefurahi. Humu ndani karibu kila mtu anaishi peke yake, na mlango wa chuma hausemi kitu.

Sasa usikasirike. Nimeongeza mapumziko ya mazoezi. Wewe ulikuwa unatupa zile siku tatu za kwanza za mwaka, basi. Safari hii tunafunga tarehe ishirini na tisa, tunarudi uani tarehe tano. Naenda Nagoya kwa binti wa marehemu dada yangu, na siwezi kula kwa watu huku naangalia saa ya treni. Oide anakwenda Chiba kwa mwanawe. Segawa na kaka yake wanakwenda kuoga kwenye chemchemi za maji ya moto. Kila mtu ana pake. Jengo tutawaachia paka.

Mwaka uishe salama huko kwenu,
Isobe Tomie

*

Akita
4 Januari

Bi Isobe,

Nimesoma habari za mapumziko yako, na nimekasirika kama ulivyoniambia nisikasirike. Mwili ukiupa siku tatu unakushukuru. Ukiupa wiki unasahau kwamba una bosi. Sasa sikiliza, maana kesho ndiyo siku yenyewe, hata kama barua itakukuta mmeshaanza, na mimi siko hapo kupuliza filimbi.

Wiki ya kwanza hakuna kuruka. Tumbo lililojaa mochi, ile mikate ya mchele ya mwaka mpya, halirukishwi. Mikono ipandishwe taratibu, na mtu asilazimishwe kugusa vidole vya miguu. Atakapofikia ndipo atakapofikia. Watasema wana baridi, watasema mgongo, watasema keshokutwa. Usibishane nao. Washa redio, simama, anza. Watu hawaamki kwa kubembelezwa, wanaamka kwa kuona aibu.

Mimi hapa sijakosa hata asubuhi moja. Nasimama mbele ya nyumba, theluji magotini, narusha mikono, majirani wananichungulia dirishani. Mke wa mwanangu ananiita nikanywe chai, namwambia angoje nimalize.

Kadi ya Oide ilifika siku ya mwaka mpya pamoja na nyingine. Kachora sungura anayefanana na kiazi, na chini yake kaandika kwamba mwaka huu atajua kushoto ni wapi. Mwambie nimecheka hadi mbavu zikauma. Mwambie pia kwamba siamini.

Nipe ripoti.

Kuwabara Haruji

*

Hinokidai
9 Januari

Bwana Kuwabara,

Ripoti hii hapa. Nagoya palikuwa pazuri. Walinilisha hadi nikakataa, watoto wakanipigia kelele masikioni, nikarudi nimechoka kama mtu aliyesafiri kweli.

Tumeanza tarehe tano kama nilivyosema. Wamerudi wamevimba, si mashavu, si vifundo vya miguu. Lile zoezi la kuinama, tunayafikia magoti, tunayasalimu, tunarudi juu. Segawa kasema hajaviona vidole vyake vya miguu tangu Desemba na ana wasiwasi kama bado vipo. Kuruka tumeacha, kama ulivyoagiza. Baridi ni kali lakini wanajikaza.

Oide umemuulizia. Ametulia. Yuko vilevile, hamsumbui mtu.

Jilinde na theluji hiyo. Mtu wa umri wako angenywa chai anapoitwa.

Isobe Tomie

*

Akita
17 Januari

Bi Isobe,

Ripoti yako ni fupi kuliko ya mkuu wa stesheni mvivu. Wangapi wanakuja? Nani anashika redio ukiugua? Bi Hatori wa ghorofa ya chini bado anafanya na aproni kiunoni? Hayo ndiyo mambo ninayotaka kusoma. Huku jioni zinaingia mapema, na mwanangu na mkewe wanarudi kutoka kazini wamechoka, hawana maneno.

Mimi ni mzima. Juzi nilifanya mazoezi yote mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikutoka jasho.

Mwambie Oide aniandikie mwenyewe. Mtu wa kuomba radhi kama yule kunyamaza namna hii si kawaida yake. Na mfundishe hivi: avae saa mkono wa kushoto, halafu aufuate huo huo. Sijui kwa nini hatukuwaza hilo miaka yote.

Kuwabara Haruji

*

Hinokidai
23 Januari

Bwana Kuwabara,

Nisamehe ufupi. Mazoezi yanaendelea. Theluji ikianguka yanaendelea, isipoanguka yanaendelea.

Oide hataweza kukuandikia kwa sasa. Macho yanamsumbua. Na wewe usimwandikie, atajisikia vibaya kushindwa kukujibu.

Nina swali. Wewe umefanya kazi na mitambo maisha yako yote. Bomba la maji lililo ndani ya ukuta, likishikwa na baridi, hugonga vipi? Hugonga mfululizo, au hugonga, likanyamaza, likagonga tena? Nauliza tu kwa sababu jengo letu limezeeka.

Isobe Tomie

*

Akita
1 Februari

Bi Isobe,

Jana nimepata kadi kutoka kwa Segawa. Ananiuliza kama nitaweza kusafiri kuja kwenye kisomo cha siku ya arobaini na tisa ya kifo cha Oide. Kaandika kama mtu anayemwandikia mwenye habari. Nililiona jina la Oide na maneno hayo kwenye mstari mmoja, nikadhani nimesahau kusoma.

Nikampigia simu. Kaniambia yote. Kwamba tarehe tano na tarehe sita Oide hakuonekana uani, mkasema bado yuko Chiba. Kwamba tarehe saba wewe ndiye uliyempigia simu mwanawe, naye akashangaa, akasema mama yake alimwambia mwaka mpya angekuwa nanyi, kundi zima, kwenye maji ya moto. Kwamba mlango ulipofunguliwa alikuwa sakafuni, nyonga imevunjika, na daktari alisema hakufa siku aliyoanguka. Na kwamba tangu tarehe saba hakuna aliyesimama uani. Hakuna. Redio yangu iko kwako, imefunikwa kitambaa.

Wewe umeniandikia nini? Wanavimba mashavu. Wanasalimu magoti. Ametulia, hamsumbui mtu. Macho yanamsumbua! Umenifanya nitume utani kwa maiti, Bi Isobe.

Kanuni ilikuwa moja tu. Sikuwaomba mjue kuruka, sikuwaomba mjue kushoto na kulia. Niliwaomba muonane. Nani alikupa ruhusa ya kuongeza siku? Ningekuwa mimi, tarehe nne tungekuwa uani, na Segawa anasema kwamba kwa hesabu ya daktari, asubuhi ya tarehe nne huenda alikuwa bado anapumua.

Uliuliza kuhusu bomba. Bomba halipumziki. Lina mwendo wake mmoja, linagonga hadi maji yapoe au yapate moto. Likigonga, likangoja, likagonga tena, hilo si bomba. Mwite fundi.

Kuwabara

*

Hinokidai
7 Februari

Bwana Kuwabara,

Umenijibu lile swali. Asante. Nilikuwa nalijua jibu, lakini nilitaka litoke kwa mtu asiyejua ninauliza nini.

Sikwenda Nagoya. Binti wa dada yangu hajanialika tangu mama yake afariki. Kila mwaka nasema naenda, na kila mwaka nafunga mapazia, nakaa ndani. Wakati wako ilikuwa rahisi, siku tatu zinapita, nashuka uani nasema safari ilikuwa ndefu, naamkia kila mtu. Nani angesema kwamba hana pa kwenda? Wewe unatujua watu wa jengo hili. Tutakufa na tai shingoni.

Mwaka huu mapumziko tuliyaongeza mimi na Oide, ngazini, tukiwa na mifuko ya vitunguu mkononi. Aliniuliza, "Nagoya utakaa siku ngapi, dada?" Nikasema hata sijui, wananing'ang'ania. Akasema, "Na mimi huyo mwanangu, anataka nikae wiki nzima. Nifanyeje?" Nikaona nikisema siku tatu nitaonekana wangu hawanipendi kama wake. Nikasema basi hata mimi wiki. Akasema, "Si bora tufunge na mazoezi, tusiwatese wenzetu?" Tukakubaliana palepale. Tulikuwa tunacheka, Bwana Kuwabara. Yeye alikuwa anadanganya na mimi nilikuwa nadanganya, na hivyo ndivyo siku zilivyoongezeka.

Tarehe thelathini alinigongea kuniaga. Alivaa koti zuri na kofia. Mimi pia nilivaa koti kumfungulia, ili aone nami niko njiani. Tukainamiana, tukatakiana mwaka mwema. Nilimsikia akishuka ngazi na kijisanduku chake. Sikumsikia akirudi. Sasa najua kwamba alizunguka mjini hadi giza lilipoingia, kisha akapanda kwa soksi, viatu mkononi. Najua kwa sababu na mimi nilifanya hivyo hivyo.

Basi tulikaa, yeye kule, mimi huku. Sikupika. Mpishi mimi, mwaka mpya mzima nimekula wali baridi, kwa kuogopa harufu ya kukaanga itatoka nje. Televisheni niliitazama bila sauti. Nilijifunza kufungua bomba kiasi cha uzi ili lisilie. Nilijiona mjanja. Kumbe upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mjanja mwenzangu.

Mchana wa tarehe tatu nilisikia kitu kimeanguka. Baada ya muda pakaanza kugonga. Kwenye ukuta, chini, karibu na sakafu. Gonga, kimya, gonga, gonga, kimya. Nikasema ni bomba. Nikatambaa hadi pale, nikaweka kiganja ukutani, nikauhisi kwenye mfupa. Nikasema ni bomba. Oide yuko Chiba, nitasemaje ni mtu? Na nikitoka nje kwenda kutazama, nikakutana na mtu ngazini, nitamwambia nini, mimi niliye Nagoya?

Nilifikiri jambo hilo, Bwana Kuwabara. Usiseme sikufikiri. Niliingiza miguu chini ya meza ya joto, ile fupi yenye hita na blanketi, nikapima, kwa akili zangu timamu, aibu yangu na kule kugonga. Jioni ilipoingia kukanyamaza, na mimi nilishukuru. Nilisema afadhali, sasa nitasinzia.

Hii ndiyo sababu ya kukudanganya. Ningekuandikia kwamba Oide amekufa, ungeniuliza amekufaje, ningekujibu, na baada ya hapo ningekuwa nimeyasema. Uani siwezi kushuka. Watu hawaji kwa sababu dirisha la Oide linatazama uani, wanasema wanamwona akikosea mkono. Wananiambia, "Pole, Bi Isobe, wewe ndiye uliyekuwa karibu naye." Nainama, nasema asante.

Sasa umejua wewe peke yako. Fanya utakavyo.

Isobe Tomie

*

Hinokidai
22 Februari

Bwana Kuwabara,

Umenyamaza. Ni haki yako. Naandika kukujulisha tu kwamba kisomo kimefanyika jana.

Mwanawe alikuja na mke na binti. Ni mtu mpole, kanyonyoka nywele mapema. Alimwinamia kila mmoja wetu akaomba radhi kwa usumbufu, sauti ile ile ya mama yake. Alipofika kwangu akasema, "Mama alikuwa akikutaja sana kwenye simu. Alisema kwa kuwa wewe uko upande wa pili wa ukuta wake, sina haja ya kuwa na wasiwasi." Nilimmiminia chai. Ilimwagika, akaifuta yeye.

Tangu Januari sijafanya zoezi hata moja. Mwili umekuwa mzigo wa mtu mwingine. Ngazi napumzika mara mbili kabla sijafika kwangu. Kuvaa koti nauingiza mkono wa kulia kwanza kisha nauvuta kwa wa kushoto, kama namvisha mtoto. Asubuhi saa ya kinanda inapofika naamka, nakaa kitandani, naisikiliza ikipita. Kuna siku nawaza kuwa hivi ndivyo inavyostahili, mwili wangu ufungwe kidogo kidogo nikiuona.

Sikuombi unisamehe. Niambie tu kama barua ilifika.

Isobe Tomie

*

Akita
4 Machi

Bi Isobe,

Barua zote mbili zilifika. Nilikuwa hospitali. Mwandiko ni mbaya kwa sababu naandika nimelala, na ubao unateleza.

Nikueleze na mimi. Hakuna theluji magotini. Sijasimama kwa miguu yangu tangu mwezi wa kumi na moja. Nilianguka bafuni wiki chache baada ya kufika huku, wakanirudisha kutoka hospitali na kitanda cha kupandisha kwa mpini, wakakiweka chumba cha nyuma. Mwanangu na mkewe si wabaya. Wanatoka asubuhi, wananiachia chakula, wanarudi jioni. Kati ya hapo nasikiliza. Saa kumi na mbili na nusu mke wa mwanangu huniwashia redio kabla hajaondoka, na mimi hufanya mazoezi yote kwa vidole vya mkono mmoja, juu ya blanketi. Kidole kirefu ndiye Segawa. Yule wa mwisho, anayekwenda upande asioamriwa, ndiye Oide. Nilikuwa naendelea hivyo Januari nzima, naye alikuwa ameshazikwa.

Majirani hawanichungulii. Sidhani wanajua kwamba kuna mtu humu. Mwezi uliopita kifua kilibana mchana, nikaona sasa ndiyo yenyewe, na ukuta ulikuwa hapa karibu, ningeuinulia mkono. Sikugonga. Niliona aibu kuwasumbua watu tusiojuana. Mwanangu alinikuta jioni nimegeuka rangi.

Kwa hiyo nimesoma barua yako mara nyingi, nikijaribu kukuchukia, na kila mara nafika pale ulipoweka kiganja ukutani nashindwa kwenda mbele. Nilikuandikia vibaya juu ya zile siku. Nilichoandika ni kweli, lakini nilikiandika kana kwamba mimi ni mtu wa namna nyingine.

Msamaha sina. Si wangu kuutoa, na mwenyewe hayupo. Faraja pia sina, nikikupa utajua nimeitengeneza. Nilichobakiwa nacho ni amri, maana ndicho kitu pekee nilichowahi kujua kukitoa. Shuka. Waambie yale uliyoniambia mimi, wote, si nusu. Kisha washa redio. Mwili utakataa, unakataa sasa na utakataa zaidi kila siku unayongoja, wa kwangu umekataa moja kwa moja na haurudi tena. Hutajisikia vizuri. Sikuahidi hilo hata kidogo.

Kuwabara Haruji

*

Hinokidai
12 Machi

Bwana Kuwabara,

Nimeshuka.

Nilipitisha mlango kwa mlango kile kibao cha matangazo tunachopokezana, nikaandika kwamba mazoezi yanaanza tena kesho yake na kwamba nina neno. Walikuja Segawa, Bi Hatori, na yule mume na mke wa ghorofa ya kwanza ambao siku zote hugombana kuhusu nani kafunga mlango. Walisimama mbali mbali, mikono mifukoni, wakilipa mgongo dirisha la Oide. Sikuwasha redio. Nilisema.

Nilisema yote. Nagoya, koti, soksi, ukuta. Nilisema kwamba kiganja changu kilijua. Sikulia, kwa sababu nilikuwa naogopa kwamba nikilia watanionea huruma. Nilitegemea wanitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Segawa ndiye aliyefungua kinywa. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilikusikia," alisema.

"Ulisikia nini?"

"Wewe. Juu ya dari yangu. Unakwenda jikoni, unarudi. Unakwenda, unarudi. Tarehe mbili ulikohoa sana."

"Si ulikuwa kwenye maji ya moto na kaka yako?"

"Kaka yangu hatusemezani mwaka wa nne huu," akasema. "Nilikuwa kitandani, taa nimezima. Nikasema, Bi Isobe yuko Nagoya, hao ni panya. Nikakwambia moyoni, panya wazito hao." Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. "Tarehe nne hukutembea kabisa. Nilisikiliza siku nzima. Nikasema basi, panya wamehama."

Tarehe nne sikutoka kitandani. Sikuwa na nguvu, ule ukimya wa ukutani ulikuwa umenikalia kifuani. Segawa alikuwa chini yangu anahesabu kimya changu, akakigeuzia ubavu, akalala.

Bi Hatori akasema polepole, "Mimi nilikula machenza chini ya meza ya joto hadi ngozi ya midomo ikachubuka. Sikuthubutu hata kutoka kutupa maganda." Wale mume na mke walitazamana. Mke akasema, "Sisi tulikuwa tunagombana kwa kunong'ona." Mumewe akamwambia, "Nyamaza wewe," kisha yeye mwenyewe akafunika uso.

Jengo zima lilikuwa limejaa, Bwana Kuwabara. Hakuna aliyekwenda popote. Tulikuwa tumejipanga, juu na chini, kulia na kushoto, kila mtu kazima taa anamsikiliza mwenzake na kumwita panya, na katikati yetu mwanamke anagonga. Nadhani hata yeye alikuwa anaogopa kugonga kwa nguvu. Nadhani alikuwa anagonga kwa kiasi, asije akamwamsha mtu.

Niliwasha redio, kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya. Kinanda kikalia. Hakuna aliyetikisika hadi zoezi la pili. Kisha Segawa akanyanyua mikono, ikaishia mabegani, akaiacha hapohapo. Mimi wangu wa kulia haukufika sikio. Tuliinama, magoti yakalia uwanja mzima, na safari hii hakuna aliyetania. Bi Hatori alikosea upande. Aliganda katikati, mkono hewani, na sote tukaganda naye, hadi muziki ukatupita. Tulimalizia kuvuta pumzi, tukapanda ngazi bila kuagana.

Tangu siku hiyo nashuka kila asubuhi. Siku nyingine wanakuja watatu, siku nyingine Segawa peke yake, na tukiwa wawili hatusemi. Hakuna raha ndani yake. Mwili unarudi kwa kinyongo, leo inchi moja, kesho hairudi kabisa. Nilidhani nikishasema nitapata usingizi. Sijapata.

Wanasema kwamba sasa tumejua, kwa hiyo haitatokea tena. Segawa kasema hata kwa sauti, "Mwaka ujao tutakaa wote chumba kimoja, tule mochi, tupaliwe nayo pamoja." Kila mtu akaitikia, na mimi nikaitikia. Kisha niliingia ndani, nikafunga mlango, nikajiuliza kama haitatokea tena, jinsi ambavyo ningekuuliza wewe, nikitaka jibu la kweli. Bwana Kuwabara, Desemba itakuja. Mtu atanikuta ngazini na mfuko wa vitunguu, ataniuliza mwaka mpya naenda wapi, na najijua, nitasema naenda Nagoya.

Isobe Tomie